Galaxy A15 au Spark 20 Pro? Kwanza uliza bei ya kioo

Una hela ya simu moja ya daraja la kati. Si ile ya bei ya chini kabisa inayoanza kuganda baada ya miezi sita, wala si ile ya milioni na zaidi. Mbele yako muuzaji ameweka mbili: Samsung Galaxy A15 na Tecno Spark 20 Pro. Zote zilitangazwa Desemba 2023, na warithi wake wameshatoka, kwa hiyo leo utazikuta zikiwa zimebaki madukani au zikiwa zimeshatumika. Bei zake hazipishani sana. Muuzaji wa Katoro anasifia moja, rafiki yako wa Mwanza anaapa kwa nyingine. Utachukua ipi kama maisha yako ni ya Nkome, mkoani Geita, kati ya mwalo, mashamba na machimbo?

Mwongozo huu haukupi jibu moja la watu wote. Unakupa maswali ya kujiuliza kwa mpangilio, ili ukifika kaunta uwe unajua unalipia nini.

Zinafanana wapi

Tuanze na yale usiyopaswa kuyabishania. Simu hizi zinatumia prosesa moja, Helio G99 ya kampuni ya MediaTek, kama pikipiki mbili za rangi tofauti zilizofungwa injini ileile. Akikwambia mtu kwamba hii ina spidi na ile ni nzito, anakuuzia rangi ya tangi.

Betri nazo ni sawa, 5000 mAh kila moja. Zote ni za 4G, zote zina tundu la spika za masikioni za waya, na zote zinasoma alama ya kidole kwenye kitufe cha ubavuni. Ipo A15 nyingine ya 5G, yenye jina hilohilo lakini bei ya juu zaidi. Kabla ya kulipia tofauti hiyo, waulize wenzako wa mtaani kama laini yako inashika 5G pale unapolala na unapofanyia kazi. Kama haishiki, utakuwa unalipia kitu usichokitumia.

Zinatofautiana wapi

Kioo. A15 ina kioo cha AMOLED cha inchi 6.5. Spark 20 Pro ina kioo cha LCD cha inchi 6.78, kikubwa kidogo. AMOLED hutoa weusi wa kweli na rangi kali, na mwanga wake wa juu kwa A15 hufika niti 800. Cha Tecno hujichora upya mara 120 kwa sekunde na cha Samsung mara 90, kwa hiyo ukipeperusha picha kwa kidole, Tecno huteleza vizuri zaidi.

Kumbukumbu. Hapa ndipo maboksi yanapochanganya watu. Spark 20 Pro ina RAM ya GB 8, lakini kwenye matangazo utaona 16. Hizo nane za ziada si RAM. Ni nafasi iliyokopwa kwenye uhifadhi wa simu, ambayo ni ya polepole zaidi. Samsung nayo ina mtindo huohuo wa kukopa. A15 iliuzwa kwa matoleo ya GB 4, 6 na 8, na zote kwa nje ni simu ileile. Usiulize tu "Ni A15?" Uliza "Ni A15 ya RAM ngapi na uhifadhi wa ngapi?" Kisha fungua mipangilio uhakikishe mwenyewe. Ya GB 4 usiichukue kama unataka simu ya miaka mitatu.

Kamera. Tecno imeandikwa megapikseli 108, Samsung 50. Usikimbilie kusema moja ni maradufu ya nyingine. Kwa kawaida simu ya 108 huunganisha pikseli tisa kuwa moja, na ya 50 huunganisha nne kuwa moja, kwa hiyo zote mbili hukutolea picha ya takribani megapikseli 12. Tofauti utaiona kwa kupiga picha, siyo kwa kusoma boksi. Samsung ina kamera ya pembe pana inayoingiza watu wengi kwenye picha ya harusi. Tecno ina kamera ya mbele ya megapikseli 32, na anayejipiga picha sana ataifurahia.

Muda wa kuhudumiwa. Samsung iliahidi A15 matoleo manne mapya ya Android na miaka mitano ya masasisho ya usalama. Ilitoka na Android 14, kwa hiyo ulinzi wake unafika karibu na mwisho wa 2028. Spark 20 Pro ilitoka na Android 13, na Tecno haikutoa ahadi ndefu kiasi hicho kwa mfululizo wa Spark. Kwa anayepiga simu na kuangalia video, tofauti hii haiumi haraka. Kwa wakala wa fedha za simu, au mtu mwenye programu ya benki, ni jambo la kwanza kulifikiria: matundu ya usalama yasiyozibwa ndiyo milango ya wezi.

Swali la kwanza: unachaji wapi?

Spark 20 Pro inapokea chaja ya wati 33, A15 wati 25. Karatasini Tecno imeshinda, na kwa kawaida chaja yake imo ndani ya boksi. Samsung iliacha kuweka chaja kwenye maboksi ya simu zake nyingi, kwa hiyo fungua boksi uone. Ukikuta waya peke yake, bei ya chaja halisi iongeze kwenye bei ya simu kabla hujalinganisha.

Lakini wati hizo hufanya kazi tu pale penye umeme wa ukutani na chaja yake. Kama unachaji kwa sola ndogo ya nyumbani yenye tundu la USB la volti 5 na ampea 1, unapata wati 5 tu, simu iwe ya Samsung au ya Tecno. Betri ya 5000 mAh hubeba takribani wati-saa 19. Gawanya kwa 5: saa nne kasoro, na ukijumlisha nishati inayopotea njiani, karibu saa tano. Mvuvi anayekaa kambini au kisiwani, na mchimbaji anayelipia chaji kibandani, hawana sababu ya kulipia zaidi kwa ajili ya wati 33. Hela hiyo inunue pawabenki. Ya mAh 10,000 itajaza simu hizi mara moja na kubakiza kidogo. Haitajaza mara mbili kama hesabu ya boksi inavyodai, kwa sababu sehemu ya nishati hupotea kwenye kubadilisha volti.

Ukichukua A15, washa mandhari meusi. Kwenye kioo cha AMOLED, doa jeusi ni doa lililozimwa, halili umeme. Kwenye LCD taa ya nyuma huwaka muda wote, hata ukiangalia giza tupu. Na kwa simu yoyote kati ya hizi, shusha kioo hadi mara 60 kwa sekunde ukiwa safarini. Chaji itadumu zaidi.

Swali la pili: kioo kikipasuka, utakitengenezea wapi na kwa kiasi gani?

Hili ndilo swali ambalo wanunuzi wengi hulisahau, nami ndilo ninaloliweka juu ya yote. Simu huanguka. Huanguka ndani ya mtumbwi, kwenye mawe ya karasha, juu ya lami ya Geita ukiwa kwenye bodaboda. Kabla ya kununua, pita kwa mafundi wawili walio karibu nawe uwaulize: "Fundi, kioo cha A15 orijino ni shilingi ngapi, na cha Spark 20 Pro je? Unacho hapa au unaagiza Mwanza?"

Kwa kawaida kioo cha AMOLED ni ghali kuliko cha LCD. Ndiyo maana baadhi ya mafundi hufunga kioo cha kopi cha LCD kwenye simu iliyozaliwa na AMOLED. Simu itawaka na utaondoka ukishukuru, lakini weusi wake utakuwa kijivu, kioo kitakuwa kinene zaidi, na ule uokoaji wa chaji umekwisha. Kama fundi wako anajua tofauti na anakwambia bei zote mbili, huyo ni fundi wa kumshika. Kioo kikifika nusu ya bei ya simu, fikiria upya, au weka kava ngumu na protekta siku hiyohiyo ya kununua, siyo "nikipata hela".

Waulize pia kuhusu kituo cha huduma cha kampuni. Simu za Tecno hutengenezwa na Transsion ya China, kampuni ileile ya itel na Infinix, na huduma yake hutolewa kwa jina la Carlcare. Samsung ina vituo vyake. Uliza kilicho karibu kiko wapi na dhamana ni ya miezi mingapi. Tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lilipozinduliwa Juni 2025, anayekwenda Mwanza kwa gari kupitia Sengerema hasubiri tena kivuko pale. Hata hivyo nauli na siku nzima ya kazi bado ni gharama. Simu ambayo fundi wa mwaloni anaimudu ina thamani ambayo haimo kwenye boksi.

Swali la tatu: maji, vumbi na jua

Hakuna hata moja kati ya hizi iliyotengenezwa kuzamishwa majini. Kwa mtu wa ziwani, mfuko wa plastiki usiopitisha maji ni wa lazima. Simu ikitumbukia, izime mara moja, toa laini, ipanguse, iache penye upepo na kivuli kwa siku nzima au zaidi, na usiichomeke chaji ili "kujaribu tu". Jaribio hilo huua simu nyingi. Kuizika kwenye mchele hakusaidii. Wanga na vumbi lake huingia kwenye tundu la chaji.

Kumbuka pia kwamba kidole kilicholowa au chenye magamba ya samaki hakisomeki vizuri. Weka namba ya siri unayoikumbuka, isiwe mwaka wako wa kuzaliwa.

Machimboni adui ni vumbi la mawe. Hujaa kwenye tundu la chaji na kwenye spika. Lisafishe kwa brashi laini kavu, simu ikiwa imezimwa. Usitumie sindano wala pini. Na jua: usikubali kuoneshwa simu ndani ya duka lenye kivuli peke yake. Omba zote mbili, toka nazo nje saa sita mchana, ongeza mwanga hadi mwisho, usome ujumbe mfupi kwenye kila moja. Unayoisoma bila kukunja uso ndiyo itakayokufaa mwaloni.

Simu kwa kazi yako

Mvuvi. GPS ya simu hupokea ishara za setilaiti bila bando wala mtandao. Ukipakua ramani ukiwa na intaneti nchi kavu, unaweza kuweka alama ya mahali ulipotega nyavu hata pale minara isipofika. Zote mbili zinafanya hivyo. Soma utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania kabla ya kuondoka, kwa sababu ukishafika pasipo na mtandao, simu hizi haziwezi kuita msaada. Programu haichukui nafasi ya jaketi la kuokolea maisha. Kwa mvuvi, Spark 20 Pro inatosha, kwa sharti kwamba fundi wako ana kioo chake.

Mchimbaji au mnunuzi mdogo wa dhahabu. Wewe unafuatilia bei. Bei ya dunia hutajwa kwa wakia, na wakia moja ya dhahabu ni gramu 31.1. Gawanya kabla ya kukubaliana na mtu, kisha linganisha na bei elekezi za Soko la Dhahabu la Geita, lililofunguliwa Machi 2019. Kazi hiyo haihitaji simu ya kifahari. Inahitaji inayokaa na chaji na inayosomeka juani. A15 ina nafasi hapa kwa sababu ya kioo chake, lakini ivishe kava ngumu.

Wakala, mwalimu, karani, mwenye duka. Simu yako ndiyo pochi na ofisi. Chukua inayopata masasisho ya usalama kwa muda mrefu. Kwako ni A15, na isiwe ya RAM ya GB 4.

Kijana wa video na muziki. Uhifadhi mkubwa na kioo kikubwa ni vyako. Spark 20 Pro ya GB 256 itakustarehesha. Lakini kwa simu yoyote kati ya hizi, chomoa kile kitreya cha laini kabla ya kulipa. Kama memori kadi inakaa mahali pa laini ya pili, utalazimika kuchagua kati ya kadi na laini ya pili. Kwa mtu mwenye laini ya Vodacom ya kutuma hela na ya Halotel ya bando, hilo si jambo dogo.

Fedha taslimu au mkopo?

Simu za mkopo zimeenea, na zimewasaidia wengi. Utatakiwa kuwa na namba ya NIDA, kianzio, kisha malipo ya kila siku au kila wiki. Ukichelewa, simu hujifunga yenyewe hadi ulipe.

Linganisha ratiba hiyo na namna hela inavyoingia mkononi mwako. Mvuvi wa dagaa hupata hela kipindi cha giza. Mbalamwezi ikiwaka, dagaa hawaifuati taa, na mitumbwi hupumzika. Mchimbaji anaweza kukaa wiki kadhaa duara, yaani shimo la dhahabu, halijatema. Mkopo wa kulipa kila siku haujui mwezi wala duara. Utakufungia simu wiki ileile unayotafuta kibarua kwa simu. Kama kipato chako ni cha msimu, uliza kama unaweza kulipa mapema kwa mkupuo ukipata, na kama kulipa mapema kunapunguza jumla. Kisha jumlisha kianzio na marejesho yote, uandike namba hiyo kando ya bei ya taslimu. Tofauti ikiwa kubwa, weka akiba kwenye kikoba, nunua baada ya giza mbili tatu.

Kabla ya kutoa hela

Fanya haya kwa utaratibu, hata kama muuzaji anakuharakisha:

1. Bonyeza *#06#. Namba za IMEI, yaani za utambulisho wa simu, zitatokea. Zilinganishe na za kwenye boksi, kisha tuma IMEI kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, huduma ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), ujibiwe ni simu ya aina gani. Jina likitofautiana na ulichoshika, rudisha. Si mzaha: usiku wa Juni 16, 2016, simu bandia zilizimwa nchi nzima.

2. Fungua "Kuhusu simu". A15 ya 4G husomeka SM-A155F. Spark 20 Pro husomeka KJ6. Angalia RAM na uhifadhi hapohapo.

3. Kwa Samsung, piga *#0*#. Itafunguka menyu ya kujaribu kioo, spika na kamera. Kwa Tecno, fungua ukurasa mweupe kisha mweusi, utafute madoa, na uburute alama ya programu kila kona ya kioo.

4. Weka laini yako, piga simu, washa data, jaribu chaja na spika.

5. Kwa iliyotumika, mwambie muuzaji aondoe akaunti yake ya Google au ya Samsung, kisha aifute simu mbele yako. Iwashe upya, iunganishe na intaneti, iache nusu saa. Simu yenye deni la mkopo hujifungua kama mpya, lakini ikishapata mtandao, programu ya mkopo hurudi na kuifunga.

6. Dai risiti ya EFD dukani. Ukinunua kwa mtu, andikeni mauziano yenye IMEI, majina na saini, mbele ya shahidi, ikiwezekana ofisi ya kijiji. Simu ya wizi humtia matatani aliyekutwa nayo.

Siku ya kwanza nyumbani

Zima upakuaji wa moja kwa moja wa video kwenye WhatsApp. Huo ndio unaojaza simu na kumaliza bando. Ondoa programu ulizozikuta ambazo huzitumii, na uzime arifa za matangazo. Kwenye Tecno huenda ukakuta nyingi. Masasisho makubwa yapakue penye Wi-Fi. Piga *106# uhakiki laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA, na uripoti kwa mtandao husika usiyoitambua. Andika IMEI kwenye daftari linalobaki nyumbani. Simu ikiibwa, utaihitaji polisi na kwa mtandao wako, na usiposhika daftari utakuwa huna cha kusema.

Uamuzi

Nikilazimishwa kusema kwa sentensi moja: A15 ya GB 6 au 8 ni ya mtu ambaye simu yake inashika fedha za watu, na Spark 20 Pro ni ya mtu anayetaka nafasi, kioo kikubwa na chaja iliyo tayari ndani ya boksi. Lakini kama fundi wa karibu nawe ana kioo cha moja na hana cha nyingine, chukua ile anayoiweza, hata kama jirani yako ana ile nyingine. Prosesa ni moja, betri ni sawa, na hakuna atakayekulipia nauli ya kwenda Mwanza kutafuta kioo. Nenda kwa fundi kwanza, dukani baadaye.